Mikate Miwili ya Biliana

Kijijini kwetu Gorna Lipa, mtu akionja jibini ya kondoo akanyamaza kidogo kabla ya kutafuna tena, tunajua kaonja kazi ya Nevena. Alianza kazi katika kiwanda kidogo cha jibini pale karibu na daraja akiwa na miaka kumi na tisa, akiosha mapipa. Alipofika ishirini na sita ndiye aliyekuwa mgandishaji mkuu. Alikuwa akitumbukiza kiwiko ndani ya maziwa, anasema, "Bado nyuzi mbili," na kipimajoto kinakubali. Maziwa aliyajua kama wengine wanavyojua hali ya hewa.

Kwa hiyo wengi tulicheka, na wengine tukanyamaza, Mungu alipompa mtoto asiyeweza kunyonya.

Biliana alizaliwa mwezi wa Juni. Kwa nje mdomo wake ulikuwa mzima, mwekundu kama cheri, lakini ndani kaakaa lilikuwa na ufa. Mtoto wa namna hiyo anavuta na kuvuta, hewa inapita puani, na maziwa hayaji. Kwa siku nne Nevena alimweka kifuani asubuhi, mchana na jioni, na kwa siku nne mtoto alilia kwa njaa huku mdomo umejaa. Siku ya tano Nevena alifuta machozi yake na ya mtoto kwa leso moja, akamwambia muuguzi, "Basi. Kama yeye hawezi kuyavuta, nitayakamua mimi. Kukamua najua."

Wakampa pampu ya umeme na chupa laini ya kuminya, ambayo humsaidia mtoto kumeza bila kuvuta. Daktari wa mjini Plovdiv akaeleza kwamba ufa huo utashonwa mtoto akikaribia miezi tisa. Nevena akarudi nyumbani kwa wakwe zake akiwa na hesabu moja tu kichwani: miezi tisa, mara nane kwa siku.

Nyumba ile ilikuwa na watu wachache. Mumewe, Kamen, aliendesha lori la magogo na kurudi Jumamosi. Waliobaki ni wazee wawili. Baba mkwe, Mzee Dobri, alikuwa na kondoo sabini na maneno machache. Mama mkwe, Bibi Velika, alikuwa na maneno ya watu wote wawili.

"Hii mashine yako inanguruma kama mbuzi mwenye mafua," alisema Bibi Velika siku ya kwanza. Lakini alimpokea mtoto mikononi, akamwekea uzi mwekundu wa kumkinga na jicho baya kwenye kifundo cha mkono, na tangu siku hiyo kila pampu iliponguruma, Biliana alikuwa mapajani mwa bibi yake. Bila mikono ile, Nevena asingemaliza hata wiki.

Vipimo aliviandika kwa penseli ukutani, kando ya mlango wa jikoni, kama wanavyofanya kiwandani: mililita sabini, themanini na tano, mia moja. Yaliyozidi aliyafunga katika vifuko bapa na kuvilaza kwenye friza, kimoja juu ya kingine.

"Soseji zangu ziko wapi?" aliuliza Mzee Dobri.

"Nimezihamishia darini, baba."

"Yaani miaka arobaini nimezilaza hapo."

"Mjukuu wako kakufukuza," alisema Bibi Velika. "Lalamika kwake."

Ndivyo ulivyopita msimu wa majani kuanguka, na ndivyo theluji ilivyotukuta. Ilipofika Februari Nevena alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Mara mbili titi lilikuwa limevimba likawa jiwe lenye homa. Vifundo vya mikono vilimuuma. Tangu Juni hakuwa amekwenda mbali kuliko duka la mkate, kwa sababu kila baada ya saa tatu kifua kilimwita nyumbani. Upasuaji ulikuwa umepangwa tarehe ishirini na sita. Alifungua friza, akahesabu vifuko, akaona vinatosha kufika siku hiyo na wiki mbili za kupona.

"Mama," alimwambia Bibi Velika, "nadhani nimefika. Nataka kuacha."

"Si kufika tu, umepita. Acha, mwanangu. Lakini tutaacha kwa adabu."

Kuacha kwa adabu, kwetu, ni mkate. Siku mtoto anapoachishwa ziwa, bibi yake huoka mkate wa mviringo, huupaka asali, na kuupeleka nyumba kwa nyumba. Anayekula kipande chake ni shahidi. Na mkate ukishaliwa, mama harudi nyuma, kwa sababu mtoto aliyeachishwa kisha akarudishwa ziwani huwa na jicho zito maisha yake yote. Akisifu ndama, ndama anaanguka. Akisifu maziwa, maziwa yanakauka.

Hilo si jambo la kusimuliwa tu kijijini kwetu. Tunaye Bibi Tota. Nyumba yake iko juu ya kanisa, ana miaka sabini na moja, na mama yake alimwachisha, akamhurumia, akamrudisha. Tangu utoto wake watu humfungulia mlango wa mbele na kufunga wa zizi. Akisema "watoto wazuri," mama zao hutema mate kidogo pembeni, ptu, ptu, ptu, kisha humkaribisha kahawa, maana si mtu mbaya.

Mkate wa Biliana uliokwa Jumapili ya kwanza ya Februari. Mimi mwenyewe nilipata kipande, na asali ilikuwa nyingi. Nevena akaanza kupunguza, mkamuo mmoja leo, mwingine keshokutwa, na baada ya siku kumi na mbili pampu ikarudi kwenye sanduku lake. Siku hiyo alitembea mpaka daraja la pili na kurudi, peke yake, akiwa ameacha koti wazi kwenye baridi.

Siku mbili kabla ya upasuaji Biliana alipata homa ya sikio.

Daktari hakuwa na la kufanya. Mtoto mwenye homa hapasuliwi. Akaahirisha hadi tarehe kumi na tano ya Aprili, akasema neno moja zaidi: siku hiyo Biliana awe na kilo nane. Homa ilipopita, mizani ilionyesha saba na gramu mia moja.

Vifuko vya friza vilitosha siku kumi na sita. Walijaribu maziwa ya kopo, aina moja kisha nyingine. Wako watoto wengi kijijini waliolelewa kwa hayo, wamenenepa na wanacheza mpira. Biliana hakuyataka. Yalimtoka puani, akakohoa, akafumba mdomo kama mlango wa posta siku ya sikukuu. Uji wa ngano alikubali vijiko vitatu, basi.

Nevena alikaa jikoni akitazama ukuta wenye namba za penseli. Kisha akaenda kuchukua sanduku.

"Unafanya nini?" aliuliza Bibi Velika.

"Narudi kukamua, mama."

"Huwezi. Tumeoka mkate."

"Mkate haumfikishi kilo nane."

"Nevena. Watu wameula. Nyumba kumi na saba. Unataka mjukuu wangu awe kama Tota, watu wamfungie mazizi?"

"Lakini hajawahi kunyonya hata siku moja. Nilimwachisha nini, pampu?"

"Ulimwachisha maziwa ya mama. Jicho haliulizi yamepita wapi."

Mzee Dobri alikuwa mlangoni akivua viatu. Alivua cha pili taratibu, akasema, "Mwaka ule mbwa mwitu walipoingia zizini, kondoo ishirini walikauka kwa hofu. Niliwarudisha kumi na tisa."

"Hakuna aliyekuuliza habari za kondoo," alisema mkewe.

"Uliwarudishaje, baba?" aliuliza Nevena.

"Unakamua pasipo na kitu. Kidogo kidogo, mara nyingi, kila saa mbili. Hupati kitu, unakamua. Mwili haujui mkate. Unajua anayeuliza."

Nevena akachomeka pampu ukutani. Siku ya kwanza aliuliza mara kumi, na jibu lilikuwa matone ambayo hayakufunika hata kitako cha chupa. Aliyaandika vilevile: sifuri, sifuri, matone, sifuri. Siku ya tatu, mililita nne. Siku ya sita, kumi na tano. Siku ya tisa alipata arobaini kwa mkamuo mmoja, akaandika namba hiyo kubwa kuliko nyingine. Lakini friza ilikuwa na vifuko vya siku saba tu, na arobaini haimshibishi mtoto.

Bibi Velika aliendelea kumbeba Biliana pampu iliponguruma, lakini midomo yake ilikuwa imekazwa. Akafunga uzi mwekundu wa pili, kisha wa tatu. Asubuhi ya siku ya kumi aliteremsha mkoba wake kutoka juu ya kabati.

"Nakwenda Devin kwa dada yangu. Sina ugomvi na wewe, mwanangu. Ila siwezi kukaa hapa na kumshika mtoto kwa mikono yangu mwenyewe huku anaharibiwa. Ukiacha, niite. Nitarudi kwa basi la kwanza."

Nevena alijua maana yake. Kukamua kila saa mbili na mtoto wa miezi tisa anayetambaa kuelekea jiko la kuni ni kazi ya watu wawili. Bibi akiondoka, maziwa yameondoka.

Angeweza kulia, na Bibi Velika angebaki siku moja zaidi kwa huruma. Lakini Nevena alifanya kama anavyofanya kiwandani maziwa yanapotiliwa shaka: aliomba yapimwe.

"Mama, jicho zito likisifu maziwa yanakauka. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Hata haya madogo?"

"Haya ndiyo yatakauka upesi zaidi."

"Basi tumwite Bibi Tota. Aje siku tatu, saa nne asubuhi, akae hapa nikikamua, ayasifu kwa sauti. Yakipungua, naacha, na nitamwoshea mtoto macho kwa maji ya kanisa kila siku ukitaka. Yakiongezeka, unabaki, na mimi nakamua mpaka daktari atakapomaliza kushona."

Bibi Velika aliketi juu ya mkoba. "Umepagawa. Umwite Tota kwenye maziwa?"

"Unaogopa nini, mama? Ukishinda, nimeacha. Si ndicho unachotaka?"

Mzee Dobri alikohoa ndani ya masharubu yake. Bibi Velika akainuka kutoka juu ya mkoba, akasema, "Namba nitasoma mimi. Kwa miwani yangu."

Bibi Tota alipoelezwa jambo lenyewe mlangoni kwake, alijifunga upya kitambaa cha kichwa. "Miaka mingi sijaalikwa palipo na maziwa," alisema. "Nije na nini?"

"Njoo na maneno mazuri tu, bibi."

Akaja saa nne kamili, amevaa nguo ya kanisani. Akaketi wima mbele ya Nevena kama anayepigwa picha. Bibi Velika alisimama kando na mtoto, akiwa amemfunika uso kwa shali. Pampu ikaanza kunguruma.

"Maziwa mazuri sana hayo," alisema Bibi Tota kwa sauti ya kusoma risala.

Hakuna aliyecheka. Dakika kumi na tano zilipita kama saa nzima. Bibi Velika akavaa miwani, akainua chupa dirishani. "Thelathini na mbili."

Jana yake saa hiyohiyo yalikuwa arobaini.

"Umeona?" alisema Bibi Velika, na tuseme haki, hakusema kwa furaha.

Bibi Tota alitazama sakafu. "Niliwaambia nisije," alisema, ingawa hakuwa amesema.

"Bado siku mbili," alisema Nevena. Akaandika thelathini na mbili ukutani.

Mzee Dobri alimsindikiza mgeni hadi langoni. Aliporudi alisema, "Kondoo yeyote akikodolewa macho na mtu aliyevaa nguo ya kanisani, anabana. Kesho aje na nguo ya kazi."

Siku ya pili Bibi Tota akaja na aproni na kufuma kwake, soksi ya sufu iliyofika kisigino. Alikaa karibu na jiko, akafuma. Kisha Nevena akamuuliza kama ni kweli aliwahi kuua ndama wa padri.

"Yule ndama?" Sindano hazikusimama. "Yule ndama alikula kamba ya kengele. Padri mwenyewe aliivuta ikamtoka mdomoni, mita nzima. Lakini nilikuwa nimesema asubuhi kwamba ana macho mazuri, basi mimi ndiye niliyemuua. Na kamba je? Kamba haikuwa na bibi wa kuilaumu."

Nevena akaanza kucheka.

"Na harusi ya Sevda," aliendelea Bibi Tota. "Nilisema keki nzuri, ikaanguka. Iliwekwa juu ya meza yenye miguu mitatu, lakini ni jicho langu. Niambie, Velika, wewe ulikuwepo. Meza ilikuwa na miguu mingapi?"

Bibi Velika alitafuta pa kutazama. "Mitatu," alisema. "Na tofali."

"Na tofali," alikubali Bibi Tota. "Sasa jamani, nisisahau kazi yangu. Maziwa mazuri, binti yangu. Meupe. Yanapendeza kuliko ya kondoo wa Dobri."

"Usiwaingize kondoo wangu," alisema Mzee Dobri haraka, na Nevena akacheka mpaka chupa ikatikisika. Akiwa bado anacheka alihisi ule uchomo ambao hakuwa ameuhisi tangu alipoacha, kama sindano nyingi za joto zinazoshuka kwa pamoja, na mlio wa matone ukageuka ukawa mlio wa mchirizi. Wote waliusikia. Bibi Velika akaacha kumtikisa mtoto.

Alipoinua chupa dirishani, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sema, mama."

"Sitini na nane."

Siku ya tatu Bibi Tota alikuja saa nne kasoro robo kwa sababu, alisema, soksi ilihitaji mwanga. Alisifu maziwa, akasifu chupa, akasifu pampu, akasifu mikono ya Nevena. Alikuwa ameanza kuipenda kazi. Bibi Velika alisoma tisini na moja. Kisha akarudisha mkoba juu ya kabati, na kutoka siku hiyo Bibi Tota hakualikwa tena kwa sababu hakuhitaji mwaliko: alikuja kila asubuhi kama anayekwenda zamu.

Friza ilipobaki na vifuko viwili, ukuta ulikuwa na namba zinazotosha. Biliana alikunywa yote aliyopewa. Mwisho wa Machi alikuwa na kilo saba na nusu. Tarehe kumi na tatu ya Aprili, Mzee Dobri alimpima kwenye mizani ya sufu, akiwa ndani ya kikapu, akatoa uzito wa kikapu, akatangaza nane na gramu hamsini. Walimpima tena hospitali. Mzee alikuwa amekosea gramu ishirini tu, na hilo analizungumza hadi leo.

Upasuaji ulichukua saa mbili na nusu. Kamen aliegesha lori lenye magogo barabarani, mahali pasiporuhusiwa, akakaa na mkewe kwenye benchi. Wakati wa kukamua ulipofika, Nevena aliingia chumba cha wauguzi, akakamua. Mtoto alipozinduka, cha kwanza kupita kwenye kaakaa jipya kilikuwa maziwa ya mama yake, kijiko kwa kijiko. Daktari alitazama mshono siku ya nne, akasema tu, "Safi sana," na kwa daktari yule hayo ni maneno mengi.

Mwenye kiwanda naye alikuwa ameuliza: msimu unaanza Siku ya Mtakatifu Georgi, mgandishaji atakuwepo? Safari hii Nevena hakumuuliza mtu aache lini. Alihesabu wiki tatu za kupona, akaona zinafika palepale, tarehe sita ya Mei, siku wanakondoo wanapotengwa na mama zao na kondoo kukamuliwa kwa mara ya kwanza. "Kondoo wakianza, mimi namaliza," alimwambia Mzee Dobri, naye akaona ni mpango mzuri wa zizi lolote. Akapunguza polepole, bila homa, bila kifua kuvimba.

Siku yenyewe tulikwenda zizini kama kila mwaka. Mzee Dobri aliivisha ndoo taji la maua na majani mabichi, akamkamua kondoo wa kwanza kupitia katikati ya taji. Kisha akatoa mfukoni taji jingine, dogo kama bangili, akaivisha chupa ya Nevena yenye mililita sitini za mwisho. Nevena aliyamimina kwenye kikombe, si chupa ya kuminya, akampa Biliana. Mtoto alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akanywa, akamaliza. Sote tulikuwa tunamtazama pua. Halikutoka hata tone. Akapiga kikombe mezani na kusema "ba," wazi kabisa, kwa mdomo na si kwa pua, na babu yake akageuka kuwaangalia kondoo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndipo Bibi Velika alipofunua kikapu. Ulikuwamo mkate wa mviringo, wenye asali.

"Mama," alisema Nevena, "umeoka tena?"

"Ule wa Februari ulikuwa umewahi," alisema Bibi Velika. "Kosa lilikuwa la mwokaji. Kuleni huu."

Kijijini kwetu hakuna mtoto mwingine aliyeachishwa kwa mikate miwili. Kipande cha kwanza alipewa Bibi Tota. Alikila taratibu akimtazama Biliana, ambaye alikuwa akinyonya vidole vyenye asali, akavinyonya hasa, kwa nguvu, kwa sauti.

"Mtoto mzuri," alisema Bibi Tota.

Bibi Velika, kwa mazoea ya miaka yote, aligeuza uso pembeni na kukusanya midomo tayari kutema. Kisha akameza, akachukua kisu, na kumkatia Bibi Tota kipande cha pili.